Mitungi ya Peres

Kila Jumamosi Peres alirudi nyumbani kutoka soko la Kangemi na mtungi mtupu wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Wauza chipsi walimpa. Aliuosha kwa sabuni, akauanika mlangoni. Mumewe Zadock, fundi wa mbao, aliona aibu.

"Mama Rachael, tunaenda arusi ama tunahama? Mitungi minane!"

"Mama yako anateka maji ziwani kwa mtungi uliotoboka. Wewe mwaka jana ulimpelekea nini? Kalenda."

Zadock akausogeza mtungi mmoja ili apite mlangoni. Arusi ya ndugu yake ilikuwa kisiwani, katika Ziwa Viktoria.

Jirani yao Zedekiah alikuwa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini. Aliitazama mitungi, akauliza, "Vifuniko viko wapi?"

"Vya nini?" Peres akauliza.

Zedekiah akatumbukiza mtungi wazi ndani ya pipa la maji. Ukajaa, ukazama. Akaziba mdomo wa mwingine kwa gunzi la mahindi, akausukuma chini kwa mikono miwili. Ukaruka juu.

"Huu unabeba mtu. Mtu akizama, Baba Rachael, usimfuate majini. Mrushie kitu kinachoelea, chenye kamba. Ukirusha mtungi, utie maji kidogo, usipeperushwe na upepo."

"Mimi nilizaliwa ziwani. Naogelea kama samaki."

"Anayezama hajui wewe ni samaki. Atakukumbatia, mzame wote wawili."

Peres alitafuta vifuniko wiki nzima, akapata vyote vinane.

Siku ya safari, mama yake Zadock aliwapokea Mbita, bandari ya kuvukia kisiwani. Mashua mbili ziling'oa nanga. Zadock na Peres walipanda ya nyuma na mitungi yao, na mama akapanda ya mbele pamoja na wapishi wanne. Walikalia jaketi za kuelea ili nguo za arusi zisichafuke.

Katikati ya ziwa upepo ukavuma. Wimbi likaingia ndani ya mashua ya mbele. La pili likaipindua. Watu wakatapakaa majini, na jaketi zikaelea mbali nao.

Zadock akavua viatu. Peres akamkamata mshipi.

"Niache! Ni mama yangu!"

"Ndiyo maana! Rusha mtungi!"

Peres alikuwa ameshaufunga mmoja kamba. Zadock akarusha. Upepo ukaurudisha mtungi kama puto. Ndipo akamkumbuka Zedekiah. Akatia maji kidogo, akakaza kifuniko, akarusha tena. Mtungi ukaanguka karibu na kichwa cha mama. Mama akaukumbatia. Zadock akavuta, akavuta, mpaka akamshika mkono.

Wakarusha na mingine. Mpishi mmoja baada ya mwingine, na nahodha wao, wote wakavutwa wakiwa hai.

Mama alikohoa, akatema maji, lakini mtungi hakuuachilia.

"Mama, lete nikushikie," Zadock alisema, machozi yakimtoka huku akicheka.

"Huu ni wangu. Wewe niletee kalenda."

Siku ya kurudi, Zadock hakuruhusu mashua iondoke kabla kila abiria hajavaa jaketi na kufunga kamba zake. Na Jumamosi iliyofuata, wauza chipsi wa Kangemi walimwona fundi wa mbao amesimama mbele ya kibanda chao.

"Habari zenu? Nimekuja kuchukua mtungi," alisema. "Na kifuniko chake."