Nani Alifunua Tabaga

Maoni ya kwanza yaliingia Alhamisi saa nne asubuhi, chini ya makala ambayo Malika hakuwa ameichapisha.

Alikuwa kibarazani kwao Makina akianika nguo. Simu ikatetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, ikakataa kunyamaza. Blogu yake ya mambo ya Wanubi wa Kibera, aliyoiandika miaka mitatu, ilizoea wasomaji arobaini, nusu yao shangazi zake. Sasa kikundi kizima cha wanablogu wa mtaa kilikuwa kinamshangilia. "Malika umeua!" "Wueh, hii ni moto!" Na juu kabisa, mtu asiye na picha wala jina alikuwa ameandika: *Mmeniita. Nani amenifunua?*

Malika akafungua makala yenyewe. Ilikuwa rasimu aliyoificha.

Ngoja nikueleze. Nyanya yake, Haboba Bakhita, alisuka tabaga, ile mifuniko ya rangi rangi ambayo Wanubi hufunikia chakula. Kila Alhamisi alasiri alifunika sahani moja ya gurusa, mikate yao myembamba, akaiweka chumba cha nyuma kwa ajili ya Mgeni. Mgeni huyo alikuja na babu zao askari kutoka Sudan, na hakuwahi kumdhuru mtu, kwa masharti mawili tu: sahani yake isifunuliwe na mtu wa nje, na jina lake lisitoke nje ya nyumba. Mwaka jana Haboba alimnong'onezea Malika jina hilo, akamwapisha, maana ndiye angeirithi kazi hiyo. Na Malika, kwa ule ugonjwa wa watu wanaoandika, akaliandika. Hakulichapisha, hapana. Alilificha kwenye rasimu, apate tu kuliona limekaa mahali. Jina lenyewe mimi silitaji. Nina watoto nyumbani.

Neno la siri la blogu lilijulikana na watu wawili. Wa pili ni Mercyline wa Lindi, kijiji jirani hapo hapo Kibera, rafiki yake tangu darasa la nne, aliyemsaidia kupanga picha. Alhamisi iliyopita Mercyline alikuja kunywa chai, akaomba kwenda choo, na ukienda choo unapita chumba cha nyuma. Sasa juu ya makala palikuwa na picha ya sahani ya Mgeni, tabaga imeinuliwa upande mmoja, na kwenye ukingo kidole chenye rangi ya kucha ya Mercyline, ile ya zambarau waliyonunua pamoja.

Malika aliifuta makala, akampigia.

"Mercy, ni wewe ulipost?"

"Si wewe ulikuwa unaogopa! Nimekusukuma tu kidogo. Umeona views? Watu elfu sita, Malika!"

"Nilikwambia hiyo usiguse. Uliniapia, Mercy."

"Aki ni story tu ya wazee. Na mbona umeifuta? Watu wameshaisave."

Kweli walikuwa wameshaihifadhi. Kwenye kikundi walikuwa wanaliandika jina kwa mzaha, wengine wanajirekodi wakiliita kama wanaita paka. Malika alikaa juu ya ndoo akalia. Hakulia kwa hofu bado. Alilia kwa sababu ni Mercyline, na angekuwa mtu mwingine yeyote angemtukana tu yakaisha.

Ndipo akasikia harufu ya ubani. Hakuna aliyekuwa ameuwasha. Ndani ya nyumba kitu kilikuwa kinakwaruza, kwaru, kwaru, kama tabaga inayoburutwa sakafuni, na jua bado linapanda, na majirani nje wanacheka na kuchota maji, na yeye akaifuata ile sauti hatua kwa hatua, akipita sebuleni, akipita jikoni, huku harufu ikizidi kuwa nzito, mpaka akamkuta Haboba ameketi wima kwenye mkeka wa chumba cha nyuma, mdomo wazi, macho hayapepesi, na sahani ya Mgeni mapajani, tupu, imefunuliwa.

Mzee Taha wa msikitini aliitwa, akaja mbio. Alisoma hadi alasiri, jasho likimtiririka. Kisha Haboba akazungumza, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Nimekula katika nyumba hii nimefunikwa, tangu enzi za baba na babu. Leo watoto wa mtaa wananiita wakicheka. Nitajieni aliyenifunua, nitoke na yeye. Msiponitajia, natoka na huyu kizee."

"Usimjibu," Mzee Taha alinong'ona. "Malika, unanisikia? Jini akipewa mtu harudishi. Niache nisome."

"Sheikh, hapumui."

"Niache nisome!"

Lakini midomo ya Haboba ilikuwa inageuka rangi, na vidole vyake, vile vilivyomfundisha Malika kusuka, vilikuwa vimekunjamana. Malika akapiga magoti mbele ya ile sura ya nyanya yake.

"Ni Mercyline," akasema. "Mercyline Walubengo, wa Lindi."

Na Mungu amsamehe, jina la rafiki yake lilimtoka mdomoni likiwa tamu.

Ubani ukatoka mlangoni kwa mkupuo mmoja, ukashika njia ya Lindi. Haboba akakohoa, akaomba maji. Mzee Taha alikusanya vitabu vyake, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, Haboba alikuwa kibarazani anaota jua, na Malika anamkanda miguu. Mercyline akatokea kwenye kichochoro. Alitembea kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni, na rangi ya zambarau ilikuwa imetafunwa kwenye kucha zote kumi. Alifungua mdomo. Haikutoka hata pumzi. Akatoa simu, akaandika, akamwonyesha Malika.

*Ulimtajia jina langu.*

"Alikuwa anamuua nyanya yangu," Malika alinong'ona. "Mercy, wewe ndiye ulianza."

Machozi yakamshuka Mercyline. Akaandika tena, polepole, akaishika simu hata Haboba akaona.

*Ameniuliza nani alinionyesha mahali jina limeandikwa. Nani alinipa password. Na mimi nimemtajia.*

Akainyoosha shingo, kama aliyetuliwa mzigo, akavuta pumzi kwa sauti. Kisha akageuka akaenda zake.

Nyuma yao, ndani ya nyumba isiyo na mtu, kitu kikaanza kukwaruza. Kwaru. Kwaru.

Haboba naye alisikia. Aliutoa mguu wake mikononi mwa mjukuu wake, akaufunika kwa leso.

"Kwani jina lake uliliandika, Malika?"