Kabla Mhandisi Hajajibu

Walikutana katika foleni ya benki, mchana watu wamebanana kama dagaa. Yeye, mhandisi wa madaraja, alivaa gauni jeupe la kitani; nyuma yake alisimama kijana mwenye ovaroli iliyolowa grisi.

"Dada, sogea kidogo, nisikuchafulie gauni."

"Ukilichafua utalifua."

"Basi nipe namba, nijue pa kulifuata."

Mhandisi akacheka, akampa. Kijana alikuwa fundi wa lifti, na haukupita muda wakawa wamezama: "mpenzi" huku, "roho yangu" kule, simu hazipumui.

Ndipo profesa wa ng'ambo alipompigia mhandisi. Alimwambia amepata nafasi ya masomo ya uzamivu, kuchunguza jinsi nyufa zinavyoanza ndani ya vyuma vya madaraja. Miaka minne, gharama zote juu ya chuo. Ajibu kabla ya Ijumaa jioni.

Badala ya furaha ilikuja hofu. Aliogopa kwenda, akaogopa kubaki, na zaidi ya yote aliogopa kumwambia fundi. Shangazi aliyemlea alipomuuliza kwa simu kama kuna mtu wa kumzuia, alijibu upesi, "Hakuna mtu, shangazi. Nani anizuie kwenda kwa profesa ng'ambo, hata miaka minne?"

Kugeuka, fundi huyo hapo mlangoni, mfuko wa machungwa mkononi. Akauweka chini taratibu, akaondoka.

Tangu hapo, kila mhandisi alipompigia, simu ya fundi ilikuwa imezimwa. Ijumaa akapiga ofisini kwa fundi.

"Dada, lifti imeporomoka kwenye jengo la bima," msimamizi alisema huku akihema. "Fundi wako yumo shimoni. Hatujamfikia."

Mhandisi alifika mbio, kiatu kimoja hana. Waokoaji walikuwa wakiteremsha kamba. Wengine walimwomba Mungu tu. Yeye alikijua chuma, alijua kinavyokatika bila kuaga. Kila mlio uliotoka shimoni ulimkata maini.

Hatimaye wakamtoa, mkono umevunjika, uso mweupe kwa vumbi. Mhandisi alimkumbatia.

"Nilimdanganya shangazi kwa woga. Ningekutaja, nisingeweza hata kufikiria kwenda."

"Na mimi nilizima simu nisisikie ukiniaga. Profesa umemjibu?"

"Siendi! Je, kama ungekufa?"

"Ningekufa ukiwa papa hapa, mpenzi. Kubaki kwako hakuzuii lifti kuanguka." Alijipangusa vumbi usoni. "Miaka minne inanitisha kuliko lile shimo. Lakini nenda."

Mhandisi alibonyeza namba ya profesa, fundi akamshikia simu kwa mkono ulio mzima.

"Ndiyo, Profesa," mhandisi alisema. "Nakuja."

Simu ilipokatika, fundi alimgeukia.

"Sasa nijibu na mimi. Nije kwa shangazi kukuposa kabla hujapanda ndege?"

"Njoo. Ila naogopa."

"Hata mimi."

Wakapanda gari la wagonjwa pamoja. Muuguzi alimwomba mhandisi amwachie mgonjwa mkono apimwe mapigo ya moyo. Hakumwachia.