Mwito Ulioachwa Njiani

Msomaji alinyamaza katikati ya sentensi.

Sostenes Antipasi alikuwa juu ya pikipiki, ametoka nyumbani Issuna saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kazini Ikungi, na spika ndogo zilikuwa masikioni mwake chini ya kofia ngumu kama kila siku. Kitabu alikijua, kwa kuwa alikuwa anakisikiliza mara ya pili. Mahali pale msomaji hanyamazi. Safari hii alinyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kama anyamazavyo mtu aliyekuwa akizungumza, mlango ukafunguliwa na mgeni akaingia. Kisha akaendelea.

Sostenes akasema moyoni kwamba vumbi limeingia kwenye simu.

Kazi yake ilikuwa kumimina mbegu za alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta. Upande wa pili wa mashine alisimama Calist Filipo, aliyepokea mafuta na kuzoa mashudu. Mashine ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na watu wawili waliosimama umbali wa hatua nne walizungumza kwa mikono. Sostenes aliishia darasa la saba. Vitabu vya kusikiliza, ambavyo fundi simu alimwekea kidogo kidogo, vilimpa alichokikosa: habari za wafalme, za bahari asizowahi kuziona, za nyota. Alivisikiliza njiani na alivisikiliza akimimina mbegu, na wenzake walikuwa wamemzoea.

"Huyu ukitaka kumsalimia, mwandikie barua," alikuwa akisema Belinda, aliyeuza chai na mihogo nje ya mashine.

"Barua nayo atataka asomewe," Calist alijibu, na wote wakacheka.

Hayo yalikuwa kabla ya msiba. Wiki tatu zilizopita, mama yake Calist, Severina, alikutwa amekufa kwenye njia ya zamani, ile ya vumbi inayotoka Issuna nyuma ya barabara ya lami. Wachungaji wa ng'ombe walimkuta jioni ameketi kwenye ukingo wa kalavati, fimbo yake mapajani, uso ameuelekeza Ikungi. Kifua kilikuwa kinambana tangu usiku, akaamua kwenda kwa miguu kwa mwanawe ili ampeleke zahanati. Kwenye mazishi Sostenes alikuwa wa kwanza kushika sururu. Alichimba hadi viganja vikatoka malengelenge, na Calist alimshika bega mbele ya watu akamwita ndugu. Mtu mmoja alipouliza kama kuna aliyepita njia ya zamani asubuhi ile, Sostenes alisema yeye alipita lami.

Siku ya pili msomaji alinyamaza tena, na katika ukimya ule Sostenes alisikia mtu anahema. Ilikuwa pumzi fupi ya mtu aliyepanda mlima. Siku ya tatu alianza kunusa ugoro. Harufu ilikuwa ndani ya kofia yake, kali, ya tumbaku iliyosagwa na magadi, na yeye hajawahi kutia ugoro puani. Siku ya nne alikuwa kazini, mchana, mashine inanguruma na mafuta yanachuruzika, msomaji akanyamaza, na sauti ya mwanamke mzee ikasema taratibu, karibu kabisa na ngoma ya sikio, "Sostenes."

Debe la mbegu lilimponyoka. Calist alimwashiria kwa mkono: vipi? Sostenes alitikisa kichwa na kuinama kuokota mbegu, akakaa ameinama muda mrefu kuliko mbegu zilivyohitaji, kwa sababu hakutaka mtoto wa Severina amtazame usoni.

Ukweli ni huu. Asubuhi ile alipita njia ya zamani, kama alivyopita kila alipotaka kusikiliza bila kelele za malori. Kitabu kilikuwa kimefika sura ya mwisho. Alimwona Severina kwenye kalavati tangu mbali, akamtambua. Alijua akisimama lazima ashuke, aseme shikamoo, aulize za nyumbani, kisha bibi yule aombe kubebwa, na kumbeba mtu mzima kwenye njia mbovu ni mwendo wa jongoo, na kitabu kingekatika. Basi akatazama mbele. Severina aliita, "Sostenes." Akaita tena, "Sostenes, mwanangu." Alipokuwa ameshapita akaita mara ya tatu, "Sostenes, simama," na sauti hiyo ya tatu haikuwa na nguvu. Zote tatu alizisikia kupitia sauti ya msomaji. Alijiambia kwamba bibi ameona nyaya zikining'inia masikioni, atajua hakusikia. Hilo ndilo lililomla, kwamba hata kisingizio alikuwa amekiandaa kabla ya kumpita.

Alizima simu akaiacha nyumbani. Haikusaidia. Sauti ilikuja bila simu, alipokuwa ananawa, alipokuwa kanisani wakati watu wamenyamaza kungoja somo, na kila ilipokuja alisikia kwanza zile pumzi fupi, kisha harufu ya ugoro ikamzunguka hata akajiuliza kama aliyekaa pembeni yake hainusi, kisha jina lake likatajwa kwa upole, bila hasira, jinsi mama anavyomwita mtoto aliye chumba cha pili, na ule upole ndio uliomtoa jasho, kwa kuwa sauti ilikuwa ya Severina lakini mwishoni mwa kila mwito kulikuwa na kitu kilicholamba midomo.

Jumamosi alikwenda Mkiwa, ambako hafahamiki, kwa mwalimu Miraji, mzee anayesomea watu wenye majini. Alivua rozari akaitia mfukoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Irudishe shingoni, haitanidhuru," alisema Mzee Miraji. "Wakristo wote wanaokuja hapa huniambia wamepotea njia. Wewe umepotea njia ipi?"

Sostenes alimweleza kwa sauti ndogo, akitazama mkeka. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo si marehemu," alisema. "Marehemu amepumzika. Mtu mzima akiita na mwenye kusikia akamnyima jibu, ule mwito hauanguki chini. Wapo wanaopita njiani wakiokota vitu kama hivyo. Mmoja ameuokota, na anautumia kutafuta mlango."

"Nifanye nini, baba?"

"Mimi nitasoma, lakini kisomo kitamlegeza tu. Mchukue mtoto wa marehemu, nendeni mahali penyewe mchana. Sema mbele yake kwamba ulisikia. Kisha itikia. Aliita mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi mara tatu, na kila mara ukiri. Usipunguze. Ukibakiza hata mmoja, atautumia kwa mwingine, na huyo akiitika ataondoka naye. Wala hatamtafuta mwenye kosa. Atamtafuta mwenye kumpenda aliyeita."

Sostenes alikaa siku nne na maneno hayo. Siku ya tano alimwomba Calist waende kalavatini, na mkewe Calist, Jesca, akafuatana nao. Jua lilikuwa la saa nane. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa na mashamba yalikuwa meupe pande zote, na hapakuwa na upepo, lakini majani makavu chini ya kalavati yalikuwa yanachakarika taratibu, kama kitu kikubwa kinajigeuza.

"Siku ile sikupita lami," Sostenes alisema. "Nilipita hapa. Mama alikuwa ameketi hapo. Aliniita."

Jesca alijifunika mdomo kwa kanga.

Calist hakusogea. Aliuliza, "Aliita mara ngapi?"

Sostenes alifungua kinywa kusema tatu. Aliona macho ya Calist, mekundu, yanamngoja, yanamwomba. Mtu akiitwa mara moja na pikipiki inaunguruma, anaweza kudhani ni ndege. Akiitwa mara mbili, amejua. Mara tatu haina jina. Aliangalia chini.

"Mara moja," alisema. "Nilidhani ni upepo."

Calist alishusha pumzi. "Mara moja mtu anaweza asielewe," alisema, akawa kama anajiambia mwenyewe. "Na spika masikioni. Mara moja, hapana. Siwezi kukuhukumu."

"Naam, mama," Sostenes aliitika kuelekea kalavati, mara moja. "Nilikusikia. Nisamehe."

Majani yakatulia. Harufu ya ugoro ikaondoka. Calist alimpa mkono, na Sostenes akaupokea, na mkono ule ulimchoma kiganjani hadi alipofika nyumbani.

Siku sita zilipita kimya. Alirudia hata kusikiliza vitabu, na msomaji alisoma bila kukatika, na akaanza kuamini kwamba idadi haikuwa jambo kubwa.

Siku ya saba, saa sita mchana, mashine ikiwa katika mngurumo wake, Calist aliinua kichwa. Aligeukia mlango uliokuwa wazi, nje kukiwa na jua tupu. Aliweka chini koleo la mashudu, akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni wa heshima. Ndipo harufu ya ugoro ilipomfikia Sostenes, nzito kuliko siku zote, ikifunika ya mafuta.

Alizunguka mashine akamshika mkono. "Usiitike," alimwambia sikioni.

"Ni mama."

"Si yeye. Calist, nakuomba, usiitike."

"Unamsikia na wewe?" Calist alitabasamu, na machozi yalikuwa yanamshuka. "Aliita siku ile akakosa mtu. Leo ananiita mimi, na mimi ninyamaze?"

Hapo Sostenes alikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa machache: aliita mara tatu, na mbili nimezificha. Yangemtosha Calist kusita, angalau kwa hasira. Lakini Belinda alikuwa amesimama mlangoni na birika, anawatazama, na watu wawili waliokuja na magunia yao walikuwa wanawatazama, na Sostenes, badala ya kusema, alimwachia mkono akakimbilia swichi ya mashine, akijiambia kwamba akiizima kwanza atasema vizuri zaidi, kwa utulivu, pembeni, wakiwa peke yao.

Mashine ilipokuwa inakufa, ukimya ukiingia, wote walisikia Calist akisema kwa adabu, "Naam, mama." Akangoja kidogo. Kisha akasema tena, "Naam." Akatoka nje, na mwendo wake haukuwa wa haraka, lakini Sostenes alipofika mlangoni, nje palikuwa na jua tupu.

Walimkuta jioni kalavatini. Alikuwa hai. Alikuwa ameketi ukingoni, mikono mapajani, uso ameuelekeza Ikungi. Walimwita jina lake, wakampigia kelele, mtu mmoja akagonga sufuria karibu na kichwa chake. Hakugeuka. Anakula akilishwa. Daktari alimulika masikio akasema hayana ugonjwa. Mwalimu Miraji aliletwa kutoka Mkiwa. Alimtazama, akamtazama Sostenes, akasema yeye hana la kusoma hapo, akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili iliyofuata Sostenes alikwenda nyumbani kwa Calist. Jesca alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shemeji," alisema, "aliita mara tatu."

Jesca aliendelea kupepeta hadi ungo ukawa safi. Hakulia. "Nilijua," alisema. "Siku ile uliangalia chini kabla ya kujibu. Nikasema moyoni, mwache, labda aibu itamfikisha mwenyewe." Akauweka ungo chini. "Mimi usiniambie. Mwambie yeye. Yupo ndani."

Sostenes aliingia. Calist alikuwa kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Sostenes alipiga magoti mbele yake akamwambia yote, safari hii bila kupunguza: njia, kitabu, sura ya mwisho, mwito wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sauti yake ilipanda hadi majirani wakasikia.

Calist alitabasamu kidogo, macho yakiwa mbali, akainua kidole kimoja taratibu, kama mtu anayesikiliza jambo tamu na hataki kukatizwa.