Sauti Iliyobaki kwenye Simu

Jua lilikuwa linazama nilipofunga kibanda na kwenda kwa mama, gauni lake nililolipunguza kiuno likiwa kwapani. Mimi ni fundi cherehani. Kwa mama ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na nilikwenda bila kumtaarifu, maana sina simu.

Niliiacha kwa hiari yangu, siku sindano ya cherehani iliponitoboa kidole huku macho yangu yameganda kwenye kioo cha simu. Nilimpa dada yangu mkubwa, pamoja na laini.

"Umechanganyikiwa," alinicheka. "Watu watakupataje?"

"Anayenitaka anaujua mlango wangu."

Na kweli, wateja walikuja wenyewe. Nilishona kwa utulivu, nikalala kama mtoto. Kwa mama nilikuwa nakwenda kila wiki, ila msimu wa sare za shule ulinibana wiki tatu mfululizo. Salamu nilimpa dada ampelekee. Alikuwa akija kila Jumamosi kunisuka, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Mama hajambo. Wewe shona tu."

Nilimkuta mama kitandani, gizani. Macho yake yana ukungu siku nyingi, kwa hiyo taa si kitu kwake. Nilipomshika mkono nilishtuka. Mifupa mitupu.

"Mama, unaumwa?"

Akauvuta mkono wake. "Wewe nani?"

"Ni mimi. Kitindamimba wako."

"Mwanangu nimetoka kuongea naye sasa hivi," alinong'ona. "Hunipigia kila jioni."

Nilidhani anaweweseka...

Simu ikaita chini ya mto wake.

Mama akaibonyeza kwa mazoea, akaweka sauti kubwa. Kwanza ukimya. Kisha kikohozi kidogo, kile ninachokohoa mimi kabla ya kusema.

"Mama... umekula?"

Ilikuwa sauti yangu.

"Sijala, mwanangu. Si ulisema nikusubiri tule pamoja?"

"Vizuri. Endelea kunisubiri." Halafu, polepole: "Kuna mtu hapo?"

"Yupo. Anasema ni wewe."

Chumba kikajaa harufu ya nywele zinazoungua.

"Mwambie atoke, mama. Huyo siyo mimi."

Niliipokonya ile simu, nikaizima. Nikamwita jirani akae na mama, nikatoka mbio hadi kwa dada, nyumba ya tatu kutoka pale.

Dada alikuwa ameketi sakafuni, uso umemvimba kwa kulia. Mbele yake kulikuwa na simu yangu ya zamani, imezungushiwa nywele. Nywele zangu. Zile alizokuwa akizikusanya kwenye kitana kila Jumamosi, akisema anakwenda kuzitupa.

"Mimi ndiye ninayempikia," alisema bila kuniangalia. "Mimi ndiye ninayemwogesha. Na bado kila asubuhi anauliza wewe uko wapi. Mganga wa kule nyuma ya karakana aliniambia nikiizungushia simu nywele zako mama atakusahau, basi. Hakusema ataacha kula."

"Na ulikuwa unaniambia hajambo."

Akainamisha kichwa.

"Kila Jumamosi, dada. Kichwa changu kikiwa mapajani mwako."

Akaisukuma simu mbali naye kwa kidole.

"Basi izime."

"Laini niliitoa juzi," akanong'ona. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kile kikadi kidogo, kimevunjwa vipande viwili. "Na betri pia."

Pale sakafuni, simu ikakohoa.

Tuliitia motoni, sisi wawili, tukasimama pale mpaka ikayeyuka yote. Tangu jioni ile sijamsemesha dada. Hupita kibandani kwangu, akasimama kidogo ng'ambo ya barabara, kisha akaenda zake. Mimi huinamia cherehani.

Mama nilimhamishia kwangu. Sasa anakula tena, nyama imeanza kumshika mwilini. Lakini nisifungue kinywa. Nikisema neno moja tu, anatema kila kitu na kuziba masikio. Kwa hiyo namlisha kimya, namwogesha kimya, naye hunishukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mgeni.

Kila jua likizama hugeukia ukutani, akasikiliza, akatabasamu. Ndani ya nyumba hii hamna simu hata moja. Jana nilisimama mlangoni na bakuli la uji, nikamsikia akimwambia mtu kwamba mwanamke anayemtunza ni mwema sana, ila masikini ni bubu.