Joho Lenye Harufu ya Sabuni

Maiti ya Baltasar Quintela ililala chali chini ya ngazi za Quebra Costas, mjini Coimbra. Asubuhi ilikuwa changa, mawe bado yamelowa mvua ya usiku.

"Kateleza, afande," alisema koplo Veloso. "Ngazi hizi zimevunja viuno vya watu tangu enzi za mababu."

"Mwongoza watalii anayezipanda kila siku?" Inspekta Meireles alichuchumaa, akakunjua ngumi ya marehemu. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeusi za sufu.

Maabara ilijibu mchana: nyuzi za joho jeusi wanalovaa wanafunzi wa chuo kikuu.

"Basi tukamate chuo kizima!" Veloso alicheka.

Meireles hakucheka. Quintela alikuwa na wanafunzi wachache waliomsaidia kutembeza wageni kwa miguu. Inspekta akajiunga na misafara yao, mmoja baada ya mwingine, kofia ya mtalii kichwani.

Alasiri alimfuata Iria Bandeira, mwanafunzi wa sheria. Walipita Lango la Almedina, wakapanda kuelekea kanisa kuu la zamani. Kwenye mwinuko mkali, juu ya ngazi za Quebra Costas, Iria alisimama ili wageni wapumue. Upepo ukainua joho lake. Meireles akanusa.

"Umelifua, binti?"

Iria akalivuta joho chini. Coimbra joho halifuliwi. Mwanafunzi hulivaa na mvinyo wake, mvua yake na machozi yake hadi ahitimu.

"Lilimwagikiwa mvinyo."

"Langu lilinuka mvinyo miaka mitano. Mama alilifungia stoo, lakini sabuni hakuthubutu. Na hapa begani, nani kalichana?"

Iria akalifunika bega kwa kiganja.

"Nikilipeleka maabara, watakuta nini?"

"Damu yake." Iria aliketi ukingoni mwa ngazi. "Nilimsukuma."

Veloso, aliyekuwa akiwafuata kwa nyuma, akawaondoa wageni.

"Kwa nini?"

"Bibi yangu anakaa pale, dirisha la kijani. Kumbukumbu zimemtoka. Kila jioni anamwita babu, na babu alishakufa. Quintela alikuwa akileta watalii chini ya dirisha, akiitikia kwa sauti nene: 'Naja, mke wangu!' Bibi akikimbia kuvaa hereni, wao wanapiga picha. Wanapiga makofi."

"Hukumwambia aache?"

"Nimemwomba hadi nikachoka. Jana usiku, watalii walipokwisha kuondoka, akanijibu, 'Wanampenda kuliko mnara wa chuo, nimwache vipi?' Mikono yangu ikamsukuma. Akadaka joho. Nilishuka kumwinua, afande. Alikuwa ameshakata roho."

Veloso akatoa pingu.

Juu yao dirisha la kijani likafunguliwa. Ajuza mwenye hereni za dhahabu akachungulia.

"Honório! Chakula kinapoa!"

Iria aliinamisha uso. Kutoka chini kundi jingine la watalii lilikuwa likipanda, simu zimeinuliwa.

"Funga njia," Meireles alisema.

"Lakini afande, mtu kafia kule chini."

"Funga na huku."

Veloso akavuta utepe wa polisi kutoka ukuta hadi ukuta, akawarudisha watalii walikotoka.