Dakika ya Tisa

Simu ililia mara mbili, ikakata, ikalia tena.

Mwanamke aliyekuwa amelala chali chini ya lori la mchanga alinyoosha mkono, akaipapasa kwenye kisanduku cha spana, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Shangazi yako amelazwa tena."

"Wodi gani?"

"Namba tatu. Nenda ukamwangalie. Na usiende mikono mitupu."

Simu ikakatwa.

Hakukuwa na shangazi yeyote. Wodi namba tatu ilikuwa kituo cha tatu cha zimamoto. Kutokwenda mikono mitupu maana yake ilikuwa moja tu: beba bastola.

Kule Idara walimwita Bisibisi. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na akishaingia mahali hatoki mpaka kitu kifunguke. Kabla ya ujasusi alikuwa fundi wa dizeli kwa miaka minane, na mpaka leo kucha zake hazikuwahi kutakata sawasawa.

Nusu saa baadaye alikaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho, kliniki moja ya mjini, mahali pao pa kukutana kila simu kama hiyo ilipoingia. Pembeni yake mzee mwenye miwani myeusi alikuwa akisoma gazeti. Huyo ndiye Mjomba, mkuu wake wa kazi.

"Magari manne ya zimamoto," Mjomba alisema bila kugeuka. "Injini mpya, hazijamaliza mwaka. Mioto mitatu ndani ya wiki mbili. Kila mara gari linafika, linaanza kusukuma maji, kisha linazima."

"Baada ya muda gani?"

"Dakika ya tisa."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

Bisibisi alizijua injini. Injini mbovu haivai saa. Ikifa, inakufa inapotaka.

"Kuna mkono wa mtu," alisema.

"Upo. Mara ya mwisho maji yalikatika mzimamoto akiwa ndani ya ghala la magodoro. Binti wa miaka ishirini na sita. Mikono yake yote miwili imeungua." Mjomba alifunua ukurasa. "Sasa sikiliza. Keshokutwa mahakama inafungua makontena manane kwenye ghala la forodha. Dawa bandia za malaria, pamoja na karatasi zenye majina ya waliozileta. Wenye mali wako ng'ambo. Unadhani wangependa nini kitokee?"

"Ziungue zote. Na kituo kinacholinda ghala hilo ni..."

"Unakijua. Kwa hiyo mioto ile mitatu ilikuwa majaribio."

Bisibisi aliinuka kama mgonjwa aliyechoka kusubiri foleni.

*

Karakana ya kituo cha tatu ilikuwa safi kupita kiasi. Magari manne mekundu yalisimama mdomo nje, mipira ya maji imekunjwa vizuri, spana zimepangwa ukutani kwa saizi.

Fundi Mkuu alimpokea kwa kumtazama viatu. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja.

"Makao makuu wameniletea binti wa kunifundisha dizeli?"

"Nimekuja kusaidia, mzee."

"Basi nisaidie kwa kukaa mbali."

Mtunza stoo alikuwa kinyume chake kabisa. Alimvutia kiti, akamwita dada, akacheka kabla hata ya kusema cha kuchekesha.

"Usimjali mzee," alinong'ona. "Ana mambo yake. Saa ya chakula anajifungia chumba cha nyuma peke yake. Ukiulizwa, sikukwambia."

Bisibisi alitabasamu. Moyoni aliandika majina mawili: anayejificha, na anayesema mno.

Jina la tatu liliingia na pikapu nyeupe. Kamanda wa kituo alishuka, akajibu saluti, akapita katikati ya magari manne yaliyokuwa yakiwatelekeza watu motoni bila kuyatupia jicho.

Asubuhi yote Bisibisi alipima. Alichota dizeli kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani. Safi, haina tone la maji. Betri nzima. Mikanda mizima. Aliwasha injini ya gari la kwanza kwa dakika tano, kama walivyofanya kila siku wakati wa ukaguzi. Ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Hakukuwa na tatizo lolote.

Hilo ndilo lililomtia hofu.

Saa sita na nusu wengine walikwenda kula. Fundi Mkuu alikwenda chumba cha nyuma na kufunga mlango kwa ndani. Bisibisi alitoa kamera yenye waya mwembamba, ile ya kuchungulia ndani ya silinda, akaipenyeza chini ya mlango. Kwenye skrini ya kamera mkononi aliona meza, msumeno wa chuma, na filta za dizeli zilizokatwa katikati. Fundi Mkuu alikuwa akizifunga moja moja kwenye gazeti na kuzitia begini.

Alikuwa akificha ushahidi.

Teke moja tu, komeo likang'oka.

"Mikono juu, mzee."

Fundi Mkuu aliitazama bastola yake ya Glock, kisha akamtazama mwenyewe. Hakuinua mikono.

"Piga," alisema. "Binti yangu yuko hospitali kwa sababu ya takataka hizi. Piga umalizie."

"Binti yako?"

"Yule wa ghala la magodoro. Hukuambiwa?"

Bisibisi hakuishusha bastola. "Nionyeshe ulichopata."

Mzee alichukua kipande cha karatasi ya filta, akakitumbukiza kwenye mkebe wa dizeli uliokuwa juu ya jiko la umeme. Walisubiri. Mikunjo ya karatasi ilianza kung'aa, kisha ikatoa utelezi mzito kama uji. Dakika chache baadaye karatasi yote ilikuwa imejiziba. Aliiinua, akamimina dizeli juu yake. Halikupenya hata tone.

"Gundi," alisema. "Dizeli ikiwa baridi, filta ni safi. Asubuhi tunawasha dakika tano, kila kitu salama. Lakini gari likianza kusukuma maji injini inafanya kazi ya punda, dizeli inapata joto, gundi inayeyuka. Injini inanyongwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Kamanda ndiye anayeidhinisha. Stoo ndiyo inayotoa. Na wewe umekuja leo hii, na bastola kwenye ovaroli. Ningekuamini kwa lipi?"

Bisibisi aliirudisha bastola kiunoni.

"Pikapu ya Kamanda inatumia filta gani?"

Mzee aliishika filta iliyokatwa. "Hii hii. Na haijawahi kuzima hata siku moja."

Waliifungua wakati Kamanda akiwa mezani. Filta yake haikuwa na gundi.

"Nani anaiendesha?"

"Asubuhi na jioni Kamanda. Mchana mtunza stoo, anakwenda nayo kwenye shughuli zake."

Walibaki wawili.

Bisibisi alibandika kinasa sauti kidogo kama kifungo, kinachorusha sauti hadi sikioni mwake, chini ya kiti cha Kamanda, kingine chini ya meza ya stoo. Kisha, Fundi Mkuu akisimama mlangoni kama anayechokonoa meno, alichukua filta ya gundi akaifunga kwenye pikapu.

Saa kumi alasiri Kamanda alimpigia mkewe simu kuhusu bomba linalovuja. Saa kumi na dakika ishirini mtunza stoo alipiga simu yake. Hakucheka.

"Yote manne yamevaa. Kesho saa tatu asubuhi. Nyinyi washeni tu."

Bisibisi alikwenda nyuma ya tangi la maji, akampigia Mjomba.

"Ni wa stoo. Nimkamate?"

"Ukimkamata, waliotumwa kuwasha watakimbia. Mwache. Kesho asubuhi nakuletea filta nzima. Watu wangu watalizunguka ghala."

"Akishtuka?"

"Asishtuke."

*

Filta zilifika saa moja na nusu asubuhi, ndani ya sanduku la maembe. Walifanya kazi wamelala chini ya magari. Kufungua, kufunga, kutoa upepo kwa pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu. Gari la kwanza. La pili.

Saa mbili kamili kengele ilipasua hewa.

"Ghala la forodha!" spika iliunguruma. "Moto ghala la forodha!"

Saa nzima kabla ya wakati.

"Wametuwahi," Bisibisi alisema.

"Mawili yanatosha." Fundi Mkuu alikuwa tayari anapanda la kwanza. "Nitasimama kwenye pampu mwenyewe. Hakuna atakayeligusa."

Kamanda alitoka mbio, koti halijafungwa vifungo. "Kwa nini magari mawili? Yote yatoke!"

"Haya mawili, afande. Mengine yatakuulia watu. Nitakueleza njiani!"

Kamanda alimtazama fundi wake kwa pumzi moja. Kisha akarukia kiti cha mbele. Ving'ora vikalia.

Bisibisi aligeuka.

Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, macho kwenye filta za gundi zilizotapakaa sakafuni. Alizielewa mara moja. Alikimbilia pikapu.

Pikipiki ya tarishi, Yamaha ya bluu, ilikuwa na funguo zake. Bisibisi aliipiga teke, ikawaka.

Pikapu ilipita taa nyekundu. Ilipanda ukingo wa barabara, ikaangusha meza ya muuza viatu, ikashika njia ya kutoka mjini. Bisibisi aliinama juu ya usukani. Injini ndogo namna ile ingechukua muda gani kupata joto? Hakujua. Na mbele, kilomita chache tu, kulikuwa na mpaka wa nchi.

Pikapu ilianza kupanda mlima.

Moshi mweusi.

Kisha mweupe.

Kisha ikakohoa, ikajikongoja hatua chache, ikasimama katikati ya barabara.

Mtunza stoo alishuka na bastola mkononi. Bisibisi aliilaza pikipiki, akabingirika mtaroni, risasi ikachimba lami pale alipokuwa. Yeye alifyatua moja tu. Bastola ya mtunza stoo iliruka, na yeye akaanguka magoti, ameshika mkono.

"Dada," alisema, akijaribu lile tabasamu lake. "Tunaweza kuongea."

"Utaongea sana. Si na mimi."

Alimfunga pingu kwenye mlango wa pikapu, akatoa redio.

"Bisibisi hapa. Wa stoo ninaye. Ghalani vipi?"

Redio ilikoroma. Sauti ya Mjomba: "Tumewakamata wawili ukuta wa nyuma, wananuka petroli. Moto umeshika kontena la kwanza."

"Na magari?"

Redio ilibadilisha mikono. Kisha sauti ya Fundi Mkuu, nyuma yake injini zikinguruma.

"Dakika ya nane."

Bisibisi alisimama katikati ya barabara, redio sikioni. Malori yalimpita pande zote mbili. Hakuyasikia.

"Ya tisa."

Injini zilinguruma.

"Ya kumi, binti yangu. Maji yanakwenda. Yanakwenda!"

*

Adhuhuri ghala lilikuwa linafuka, kontena moja limeungua, saba yamepona. Karatasi zenye majina zilikuwa kwenye la sita. Kamanda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, uso mweusi kwa masizi.

"Ile saini ya kuidhinisha filta ilikuwa yangu," alisema, kwa yeyote aliyetaka kusikia. "Sikuwahi kufungua hata boksi moja."

Fundi Mkuu alimpita. Alimfuata Bisibisi aliyekuwa anavua ovaroli kando ya geti.

"Nakwenda hospitali kumweleza. Atauliza nani alinisaidia. Nimwambie jina gani?"

Bisibisi alikunja ovaroli, akaiweka mikononi mwa mzee.

"Mwambie baba yake alisimama kwenye pampu."

Mzee aliitazama ovaroli. Alipoinua macho tena, geti lilikuwa wazi, na mwanamke mwembamba mwenye kisanduku cha spana alikuwa anavuka barabara bila haraka, akiyasubiri magari yapite kama mtu mwingine yeyote anayetoka kazini.