Bolti ya Mniko

Mstari wa kijani uliruka kwenye kioo cha mashine kabla Fanuel hajamgusa mkewe, Roselyn. Hapo ndipo angepaswa kuizima, lakini Fanuel ni mbishi, Nyatike nzima inamjua.

Mashine ilitoka mgodi mmoja mdogo upande wa Macalder. Huko ilipeleka sauti ndani ya chuma kutafuta nyufa. Mgodi ulipofungwa, daktari wa misheni akaichukua, maana alisikia Ulaya wanapima vichwa vya watoto tumboni kwa mashine za namna hiyo, na Fanuel, fundi aliyeiendesha mgodini, akaja nayo. Roselyn alikuwa amezika watoto wawili. Huyu wa tatu walimtaka mzima.

Akampaka mafuta, akaweka kipimo tumboni. Vilele viwili vikasimama kwenye kioo, pande mbili za kichwa. Kisha cha tatu kikaja kikivisogelea, na chumba kikanuka baruti.

"Kuna mtu anagonga," Roselyn akanong'ona. "Si mtoto."

Teke likampiga kutoka ndani, ubavu ukavunjika kwa mlio wa ukuni, likaja lingine na lingine, damu ikamtoka mdomoni, na kila teke lilipotua kile kilele cha tatu kiliruka hadi ukingo wa kioo.

Woga ukamponza Fanuel. Kwao, mtoto mchanga akilia bila kukoma huitiwa majina ya marehemu mpaka atulie. Yeye akayaita juu ya tumbo. Babu. Shangazi. Mateke yakazidi.

"Mniko," akasema mwishowe.

Mateke yakakoma.

"Jina huitwa mtoto akishatoka," alisema mama yake, Phelesia, akiwa mlangoni. "Umemfungulia mlango. Mniko ni nani?"

"Mkuria mmoja, Mama. Kizimba cha kushukia mgodini kilikatika naye ndani."

Mtoto alizaliwa jioni hiyo, kwa damu nyingi. Alilia kwa sauti nzito ya mwanamume, akimkwaruza mamake kifua hadi kikachubuka, na hata alipoitwa Mniko hakunyamaza. Phelesia akamfumbua ngumi. Ndani mlikuwa na kipande cha bolti, kina ufa katikati.

"Hii uliipima?" Roselyn akauliza.

Fanuel akatazama chini. "Ndiyo bolti ya kile kizimba. Niliipima. Ufa niliuona. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikaandika ni nzima."

Mtoto akanyamaza. Akamgeukia Fanuel, akanyoosha mikono.

"Mchukue," Roselyn akasema. "Anakutaka wewe."

Fanuel akampokea. Vidole vile vidogo vikapanda shingoni, vikamshika koo, na havikuachia.